Bwana Alinitoa Vyumba vya Uani

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Lisifiwe hapa juu Newala, lisifiwe na kule chini Masasi! Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Wadogo zangu, hamjambo?

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Edina, mtoto wa Chilangala, mama yake Jeni. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa dini, na baadhi ya watu aliowafundisha, wajukuu wao wamekaa humu ndani leo. Nimebatizwa hapa. Nimepata kipaimara hapa. Nimeimba kwaya ya vijana nikisimama pale karibu na dirisha, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyotakiwa, mwalimu wa kwaya alikuwa ananikonyeza nipunguze. Kwa hiyo mimi si mgeni. Lakini kwa miaka mingi mlikuwa mnauliza, "Edina yuko wapi siku hizi?" na mama yangu anawajibu, "Yuko Masasi, anauza chakula." Mama hakuwadanganya, ndugu zangu. Ndivyo nilivyomwambia mimi, naye akaamini. Leo nimekuja kuwaambia nilikuwa wapi, na ni nani aliyenitoa huko.

Kabla sijaendelea, niseme hivi. Kila mtu nitakayemtaja nimeomba ruhusa yake. Yule mama aliyekaa mbele, mwenye kitenge cha kijani, amepanda mlima pamoja nami kutoka chini. Anaitwa Mama Tumaini, ni mtu wa Nanganga. Nilipomwuliza niseme kiasi gani, akaniambia, "Sema yote, mwanangu. Mimi sijaja Newala kusikiliza nusu ya habari."

Basi nitasema yote.

Nilipoolewa nilikuwa na furaha kama mwanamke yeyote. Mume wangu alikuwa mchapakazi, hakuwa mlevi, hakunipiga. Jeni akazaliwa. Halafu zikaja habari za madini ng'ambo ya Ruvuma, vijana wa huku wakaanza kuvuka kwenda Msumbiji, na mume wangu naye akavuka. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila akipata mtandao. Baadaye ikawa mara moja moja. Baadaye namba ikawa haipatikani kabisa. Mwisho mtu wa kijijini kwetu aliyerudi kutoka huko akaja nyumbani, akaniambia kwa upole kwamba mwenzangu ameshaoa huko na ana mtoto. Sikulia mbele yake. Nilimpa maji akanywa, nikamshukuru, akaondoka. Ndipo nikakaa chini, nikalia.

Nikarudi kwa mama na mtoto wangu. Mikorosho yetu ni ile aliyoipanda babu, imezeeka. Mwaka ule tulikosa salfa ya kupulizia, ule ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, maua yakakauka meusi mtini kabla hayajashika hata korosho moja. Ninyi mnajua ninachosema. Mmeshasimama chini ya mikorosho ya namna hiyo mkakosa neno. Tulikula ming'oko ya kuchimba porini, tulikula muhogo, na maji ya kununua kwa ndoo mnajua yalivyo huku juu. Jeni akawa anakwenda shule na gauni lililopasuka mgongoni, anavaa sweta juani ili wenzake wasione.

Ndipo nikasikia kuna kazi Masasi. Kuna mama ana gesti na grosari, anatafuta wahudumu wa kuhudumia chakula na vinywaji. Nikaona, Masasi si mbali, nitakuwa nikirudi kila mara kumwona mtoto. Nikamwachia mama Jeni, nikashuka.

Yule mama tulimwita Shangazi. Ndugu zangu, sikuja hapa kumsema vibaya. Alinipokea vizuri, akanipa godoro, akanionyesha chumba kimoja katika vile vyumba vya uani, nyuma ya jiko. Tulikuwa wanawake kadhaa. Mwenzangu wa chumba aliitwa Zuhura, binti wa Kiyao, Mwislamu, mcheshi sana. Nikafanya kazi mwezi ule wote. Kufagia, kuosha vyombo, kupeleka sahani, kufua mashuka. Mwisho wa mwezi nikamfuata Shangazi, nikapiga goti, nikamwuliza mshahara wangu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa, akasema:

"Edina, mwanangu, hakuna aliyekwambia? Mshahara wenu uko kwa wateja."

Sikuelewa. Nikarudi chumbani, nikamwuliza Zuhura. Zuhura hakucheka siku hiyo. Akanieleza.

Mtaniuliza, kwa nini hukuondoka siku ileile? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko ninyi. Nilikuwa sina nauli ya kupanda mlima. Nilikuwa nimemwahidi Jeni sare ya shule. Na nilikuwa nimechoka, ndugu zangu, ule uchovu ambao mtu akikwambia mlango ni huu unaingia tu. Msimu wa korosho ulikuwa umefika. Malori yamejaa mjini, wanunuzi, makuli wa maghala, madereva, kila mtu ana hela mfukoni na hana mke karibu. Nikaingia. Mengine sitawasimulia, humu ndani kuna watoto na kuna mama yangu. Niseme tu kwamba siku ya kwanza nilioga mpaka Shangazi akanigombeza kwa kumaliza maji.

Sare ikanunuliwa. Sukari ikapelekwa Chilangala, na sabuni, na viatu. Mama akawa ananibariki kwenye simu: "Mungu akuongezee, mwanangu, biashara yako iendelee." Mnajua baraka ya mama inavyoweza kuchoma? Nilikuwa naitikia amina, halafu naweka simu chini kifudifudi, kana kwamba ina macho.

Jumapili kengele ya kanisa ilikuwa inasikika mpaka uani. Zuhura akawa ananiambia, "Mwenzangu, si wanakuita? Nenda." Namjibu nitakwenda wiki ijayo. Sikwenda. Nilijua wimbo gani wanaimba saa ngapi, nikawa nafua nguo huku naimba ile sauti ya pili kwa ndani, midomo imefungwa. Huko ndiko nilikokuwa nasali, kwenye beseni.

Ilifika wakati nikaacha hata hilo. Nikaanza kunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo, ili nisisikie. Nikakonda. Nikawa naogopa wanaume wanaocheka sana, maana hao ndio waliokuwa wakibadilika. Mmoja alinivunja jino hili hapa, mnaliona? Sikwenda kushitaki. Ningesema nini nikiulizwa nilikuwa nafanya nini naye?

Lakini kati yao kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa mkatili. Mzee wa heshima, mkulima na mnunuzi wa mbaazi na ufuta, akileta mzigo Masasi kwa pikipiki yake alikuwa anapita. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sikujua jina lake, na kule hatuulizi. Mkumbukeni huyo, nitarudi kwake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Bwana alipoanza!

Nikaugua malaria. Si ile ya kumeza vidonge ukaendelea na kazi, ile ya kukuangusha. Msimu ulikuwa umekwisha, gesti iko tupu, wenzangu wengine wamerudi kwao, Zuhura alikuwa amekwenda kwenye msiba wa ndugu yake. Nilijikokota nikalala kwenye mkeka uani, kwenye jua la asubuhi, kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa baridi. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni. Nikaona geti linafunguliwa, akaingia mwanamke nisiyemjua. Mwanamke mtu mzima, mrefu, kanga ameifunga kiunoni kibwebwe, uso umekaza. Akasimama juu yangu. Akaniuliza:

"Wewe ndiye Edina?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Akaendelea kusimama. Nikadhani labda ananidai, labda ametumwa. Nikamwambia, "Mama, samahani, siwezi kuinuka. Naomba maji."

Nilifumba macho. Nikasikia hatua zinakwenda, nikasema moyoni ameondoka. Kumbe amekwenda kwenye mtungi. Akarudi na kikombe, akapiga magoti, akaniinua kichwa kwa mkono wake, nikanywa. Akanigusa shingo. Akasema, "Mungu wangu, mtoto unaungua!" Akaifungua ile kanga kiunoni, akanifunika. Akatoka barabarani akaita bodaboda, tukapanda watatu, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia nisianguke, mpaka hospitali. Nililazwa. Nilipofungua macho kesho yake, alikuwepo, amekaa kwenye benchi, anapepea uji upoe.

Nikamwuliza, "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni Mama Tumaini wa Nanganga."

"Nani amekutuma kwangu?"

Akanisogezea kikombe. Akasema, "Kunywa uji."

Haleluya! Nilipopona nikarudi gesti, naye akanifuata. Akaanza kuja mara kwa mara, asubuhi, wakati tunafua. Hakuja na mahubiri. Alikuwa anapandisha kitenge chake magotini, anavuta beseni, anafua na sisi yale mashuka. Yale mashuka, ndugu zangu! Mwanamke wa kanisa, mwenye mji wake! Baadaye akamleta mwenzake, Bibi Agatha, mjane wa hapohapo Masasi, mwenye nyumba kubwa na watoto waliokwisha kutawanyika. Wakawa wanakuja wawili. Shangazi mwanzoni aliwatazama kwa jicho la pembeni, lakini hawakumtukana, hawakumwita majina. Walimsalimu, wakamwuliza habari za mgongo wake unaomsumbua. Mwisho akawa anawawekea viti.

Zuhura akamwuliza Bibi Agatha siku moja, "Bibi, mimi ni Mwislamu, mnataka nini kwangu?" Bibi Agatha akamjibu, "Nataka uniletee hiyo sabuni hapo." Tukacheka wote.

Baada ya muda Bibi Agatha akaniambia ana chumba. Akasema kuna kikundi cha akina mama wanabangua korosho nyumbani kwake, wananunua ghafi kidogo, wanakaanga, wanabangua, wanafungasha, wanauza kwa wasafiri. Kazi ni ngumu na faida ni ndogo. "Sitakudanganya kuhusu hilo," alisema. "Lakini chumba kina mlango, na ufunguo utakaa nao wewe."

Ufunguo ukae na mimi! Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kufunga mlango wake kwa ndani akalala.

Nikahama. Shangazi hakunizuia. Alinitazama nikifunga mabegi, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi ningekuwa nimepata wa kunifuata nikiwa na umri wako..." Hakumalizia. Akaingia jikoni. Muombeeni Shangazi, nawasihi.

Nikajifunza kubangua. Tazameni vidole hivi. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, unajipaka majivu na bado yanakuunguza, ngozi inabanduka, inaota nyingine. Nilikuwa naitazama mikono yangu naona aibu, Bibi Agatha akawa anasema itazoea. Nikarudi kanisani. Nikakaa benchi la nyuma. Pale hospitali nikapima afya yangu pia. Majibu ni yangu na Mungu wangu na nesi wangu, lakini nawaambia wanawake na wanaume wote humu ndani, nendeni mkapime, na mkipewa dawa mzimeze. Kumeza dawa si kukosa imani.

Ningependa kuwaambia habari imeishia hapo. Haikuishia.

Siku moja akina mama wa Masasi tulialikwa Nanganga, kwenye mkutano wa akina mama. Mama Tumaini ndiye mwenyeji. Nilifurahi sana, nilivaa gauni jipya, nikasema leo nitaona kwa mama yangu wa pili. Tukashuka kwenye gari tukiimba. Wanaume wa kanisa walikuwa wanatoa mabenchi nje, wanayapanga chini ya turubai. Mama Tumaini akatupokea, akanishika mkono, akanipeleka kwa mwanamume mmoja aliyebeba benchi begani.

"Baba Tumaini," akamwambia, "huyu ndiye Edina."

Mwanamume akageuka.

Ndugu zangu, alikuwa ni yule mzee wa mbaazi.

Benchi lilimtoka begani likaanguka. Sikumsalimu. Niligeuka, nikatembea, nikatoka uwanjani, nikafika barabarani, nikasimamisha gari la kwanza lililokuwa linaelekea Masasi. Nilisikia Mama Tumaini ananiita nyuma, "Edina! Edina mwanangu!" Na kila alivyoniita mwanangu ilikuwa kama ananipiga. Nilikuwa nasema moyoni: huyu mama alinifunika kanga yake. Huyu mama alinipepea uji. Na mimi ndiye niliyeibomoa nyumba yake. Akijua leo, atakufa. Na kama hatakufa, atanilaani, na atakuwa na haki.

Sikwenda kwa Bibi Agatha. Ningemtazamaje? Nilikwenda moja kwa moja gesti. Niliona huko ndiko kunakonifaa, huko hakuna mtu nitakayemwumiza zaidi. Mnaona adui anavyofanya kazi? Hakuniambia rudi ukafurahi. Aliniambia rudi, ndipo panapokustahili.

Zuhura alikuwa anasuka nywele kizingitini. Aliponiona na lile gauni jipya, akasimama, hakunikumbatia. Alikasirika!

"Umefuata nini hapa?"

"Nimerudi, Zuhura."

"Umerudi nini? Unajua sisi humu tulikuwa tunajisifia wewe? Tukikaa tunasema, mwenzetu mmoja ametoka. Mimi kila nikiswali nakutaja. Halafu unarudi? Sasa sisi tumtaje nani?"

Nikakaa chini nikalia. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaniletea chai, akaingia ndani. Kumbe alichukua simu akampigia Bibi Agatha. Mwislamu huyo, ndugu zangu! Mungu ana watumishi wake kila mahali.

Kesho yake asubuhi geti likafunguliwa, akaingia Mama Tumaini. Nilitaka kukimbilia chumbani. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Naye akakaa kando yangu, chini, kwenye sakafu. Nikaanza kusema, "Mama, nisamehe, sikujua, mimi na Baba Tumaini..."

Akanikatiza. "Najua, Edina."

"Hujui, mama. Yeye ni..."

"Najua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Unafikiri nilifuata nini hapa siku ile? Kanga kiunoni?"

Nikamtazama.

"Nilikuja kukupiga," akasema. "Watu walishaniambia jina lako na gesti yako. Nilitoka Nanganga alfajiri, njia nzima najisemea nitakayokufanya. Nikaingia hapo, nikakuta mtu amelala kwenye mkeka, anatetemeka, ananiamkia. Nikasema, huyu nitampigaje? Atakufa mkononi mwangu. Nikasema moyoni, kwanza apone. Akishapona nitampiga vizuri."

Ndugu zangu, alisema hivyo bila kucheka. Akaendelea.

"Nikakupeleka hospitali ili upone nikupige. Nikakupikia uji ili upate nguvu nikupige. Usiku wa kwanza pale hospitali, ukiwa hujitambui, ulikuwa unaita mtoto wako. Jeni, Jeni, mpaka sauti ikakauka. Nikakuogesha. Nikaona mbavu zako. Nikaona makovu. Nikasema, Bwana, huyu ameshapigwa. Sasa mimi nifanye nini? Ulipopona, hamu yenyewe ilikuwa imekwisha."

"Na Baba Tumaini?"

"Baba Tumaini ana kesi yake kwa Mungu na kesi yake kwangu. Nilishamshika nayo kabla hujaniona na Bibi Agatha. Alikana, halafu akakiri. Nilikaa kwa dada yangu muda mrefu, watu walidhani nimekwenda kuuguza. Hiyo si ya kwako kubeba. Yangu mimi na wewe ni hii: nilikosea jana. Nilitaka muonane mbele yangu, mchana, mambo yawe wazi yaishe. Nilijiandaa mimi, sikukuandaa wewe. Nisamehe."

Ananiomba mimi msamaha! Mimi!

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri tangu nikiwa tumboni. Babu yangu alikuwa mwalimu wa dini. Nilijua maneno yote, neema, rehema, ukombozi, ningeweza kuyakariri hata nikiwa usingizini. Lakini pale kwenye sakafu ya gesti ndipo nilipoelewa. Nikasema moyoni: Bwana, kama mwanamke huyu alijua mimi ni nani, tangu mwanzo, na bado akafungua kanga yake akanifunika, basi na wewe ulijua. Ulijua, na ulikuja hivyohivyo. Sikufuatwa na mtu aliyedhani mimi ni mwema. Nilifuatwa na aliyejua yote!

Nikasali kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kutoka huku juu. Sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema tu, "Bwana, nichukue, nimechoka." Mama Tumaini akasema amina. Zuhura kizingitini akasema amina. Na Shangazi, aliyekuwa jikoni, tukamsikia naye anasema amina.

Atukuzwe Bwana! Tangu siku ile sijairudia kazi ile, na siitamani tena njia ile.

Baba Tumaini alikuja baadaye nyumbani kwa Bibi Agatha, pamoja na mchungaji. Alikaa, akashindwa kuinua uso. Aliomba msamaha. Siku hiyo sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia nimekusikia, basi. Bibi Agatha hakunisukuma. Ilichukua muda, na nikamwambia mwisho kwamba nimemsamehe, lakini nawaambia ukweli kwamba nilisamehe kwanza kwa mdomo, moyo ukafuata polepole nyuma. Wao wawili wanaishi pamoja Nanganga. Si rahisi, Mama Tumaini amesema niwaambie hivyo. Wanasali pamoja, kuna siku anakasirika upya, wanasali tena. Na Baba Tumaini ndiye anayetuletea magunia ya korosho ghafi kwa ajili ya kikundi, anayashusha nje na kuondoka.

Zuhura bado yuko kule. Naliweka wazi, msidhani habari zote zina mwisho mmoja. Ana mama mgonjwa anayemtegemea, anaogopa faida yetu ndogo haitatosha. Tunakwenda kumwona. Mlango haujafungwa.

Kabla ya leo nilimwambia mama yangu. Nilifika Chilangala, nikamkuta anaanika muhogo, nikamwambia yote hapohapo tumesimama. Aliendelea kupanga muhogo mpaka ungo ukaisha. Sikujua kama ananisikia. Halafu akaingia ndani, akawasha moto, akabandika sufuria kubwa. Akachota maji, ndoo nzima, huku kwetu, wakati wa kiangazi! Akayapasha, akayapeleka bafuni, akaja kunishika mkono. Akasema, "Nenda kaoge, umetoka mbali." Nilipotoka, akanipaka mafuta mgongoni kama mtoto mchanga. Hakusema lolote kuhusu yale mengine, na hajasema mpaka leo.

Jeni nimemwambia mama alikuwa na kazi mbaya na Mungu amemtoa, na akikua nitamweleza. Akaniuliza, "Sasa utakaa?" Nikamwambia nitakuja kumchukua shule zikifungwa, tukaishi wote kwa Bibi Agatha. Akakimbia kuwaambia wenzake.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Nawashukuru akina mama wa Masasi waliokubali kuchafuka. Na ninyi wa hapa, nina ombi. Mikorosho imeanza kutoa maua. Muda si mrefu malori yatapanda mlima huu, na wanawake watapanda nayo, mtawaona kwenye gesti zetu hapa Newala. Wengine ni watoto wa watu kama mimi. Akiingia mmoja humu kanisani akakaa benchi la nyuma, msigeuke kumtazama wote kwa pamoja. Msogezee nafasi. Mwulize mtoto wake anaitwa nani.

Na kama mwenyewe uko hapa leo, dada yangu, umejificha nyuma ya nguzo au umesimama nje dirishani kwa sababu huna uhakika kama panakufaa, nasema na wewe. Sikuiti uje mbele. Sitakutaja. Bwana anakujua tayari, na hajakimbia. Mtumaini! Anza leo hivyohivyo ulivyo. Ibada ikiisha tunakwenda nyumbani kwa mama yangu Chilangala, mimi, Mama Tumaini na Jeni. Mama ameamka mapema, amepika ugali na kisamvu cha karanga, na nilipomwuliza kwa nini amepika chakula kingi hivi wakati sisi ni wachache, akasema huenda akaja mtu.

Njoo tule, dada. Amina.